Sadaka za Mahekalu na Manung'uniko ya Nyumbani

Kila siku alfajiri, kabla jua halijachomoza sawasawa, watawa wa dini ya Budha nchini Thailand hutoka katika mahekalu yao wakatembea peku, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja amekumbatia bakuli lake. Hawasemi neno wala hawaombi. Mbele ya nyumba na maduka watu huwangoja wakiwa wamepiga magoti, na aghalabu watu hao ni wanawake: wamepika wali, wametia mchuzi katika mifuko midogo ya plastiki iliyofungwa kwa mpira, wamechukua na maua. Mwanamke akitia chakula katika bakuli hujihadhari asimguse mtawa, maana sheria ya utawa yakataza. Mtawa husoma maneno machache ya baraka, kisha huendelea na njia yake. Ndani ya nyumba yumo yule ambaye hakutoka, awe mume au mke, naye pengine amelala bado, pengine amekaa akihesabu senti zilizobaki mpaka mwisho wa mwezi.

Makala haya yanamhusu huyo aliyebaki ndani.

Thailand ni nchi ambayo zaidi ya watu tisa katika kila kumi ni Wabudha. Mahekalu yake yapita 40,000, na watawa wake ni zaidi ya 200,000. (Msomaji asidhani kwamba dini hiyo haijafika Afrika ya Mashariki: hekalu la Dar es Salaam lilianzishwa mwaka 1920 na watu waliotoka Sri Lanka, na kituo cha Entebbe nchini Uganda kilianzishwa mwaka 2005.) Watawa hawa hawalimi wala hawafanyi biashara. Huishi kwa kupewa, naye atoaye hupata thawabu ambazo huamini zitamfaa katika maisha haya na katika maisha mengine atakayozaliwa baada ya kufa. Uchunguzi uliofanywa na Chuo cha Taifa cha Utawala wa Maendeleo cha Bangkok mwaka 2012 ulikadiria kwamba mahekalu hayo hupokea kati ya baht bilioni 100 na bilioni 120 kila mwaka. Fedha hizo hazidondoki kutoka mawinguni. Zinatoka katika mifuko ya watu wenye nyumba, wake, waume na watoto.

Tuchukue nyumba moja kwa mfano tu. Mume ni sajini wa polisi katika mji wa mkoani. Mke anauza chakula sokoni. Watoto wawili wanasoma. Askari anayesoma habari hii atawaelewa upesi, kwa kuwa mshahara wa askari ni kitu kinachojulikana hata kwa jirani, na siku unapolipwa hujulikana zaidi. Mke anajua ni kiasi gani kimeingia. Kwa hiyo anajua pia ni kiasi gani kimepungua kabla hakijafika mezani.

Kimepungua kwa njia gani? Kwa njia ya bahasha. Majira ya mvua yakiisha, kuanzia mwezi wa Oktoba, huja mwezi mzima wa sherehe iitwayo Kathin, ambapo watu huwapelekea watawa majoho mapya pamoja na fedha zilizokunjwa na kupachikwa juu ya vijiti kama majani ya mti. Kila hekalu hufanyiwa Kathin mara moja tu kwa mwaka. Bali iko michango ya namna nyingine, iitwayo Pha Pa, ambayo haina majira. Kwa michango hiyo yote huchapwa bahasha, zikasambazwa ofisini, sokoni, shuleni na makambini. Mtu huandika jina lake na kiasi alichotia, na siku ya sherehe huenda majina yakasomwa kwa kipaza sauti. Bahasha ikiletwa na mpangaji mwenzako waweza kuichelewesha. Ikiletwa na mkubwa wako wa kazi, utaicheleweshaje?

Basi mke wa sajini hugombana na nani? Hagombani na Budha, wala hagombani na mtawa mzee wa kijijini kwao aliyembariki siku ya arusi. Neno lake ni hili: fedha hii ni yetu sote wawili, nawe umeitoa peke yako, mtoto anadaiwa sare ya shule, nawe umeandikwa jina. Mume hujibu kwamba thawabu ni za nyumba nzima. Mke huuliza mbona thawabu ni za nyumba nzima lakini shauri ni la mtu mmoja. Hapo ndipo maneno yanapoanza kuwa makali. Katika nyumba nyingine mambo huwa kinyume kabisa, mume ndiye alalamikaye, kwa maana wanawake wa Thailand ndio ambao mara nyingi hushika mfuko wa nyumba, na ndio waendao hekaluni zaidi.

Yako na matumizi mengine ambayo yanawahusu askari hasa. Wanajeshi na polisi wa Thailand ni wapenzi wakubwa wa hirizi zilizobarikiwa na watawa, na wengi huzivaa shingoni kwa kuamini kwamba zinakinga risasi na ajali. Mwaka 2006 na 2007 nchi nzima ilishikwa na homa ya hirizi za duara ziitwazo Jatukam Ramathep, ambazo asili yake ilihusishwa na afisa wa polisi mashuhuri wa Nakhon Si Thammarat, Khun Phantharak Ratchadet, aliyefariki mwaka 2006 akiwa mzee sana. Bei zilipanda kila siku. Mwezi wa Aprili 2007 watu walisongamana mjini humo kugombea vyeti vya kununulia hirizi mpya, na mwanamke mmoja akakanyagwa akafa. Baada ya muda homa ikashuka na bei zikaanguka. Aliyenunua zikiwa juu alibaki na sanduku la hirizi, na mwenzake wa nyumbani alibaki na la kusema.

Ama kuhusu watawa wenyewe, ni lazima tuanze na sheria yao ilivyo, ndipo tuone malalamiko yanatoka wapi. Mtawa wa Thailand hufungwa na kanuni 227. Hali chakula baada ya saa sita mchana. Mali yake ya asili ni vitu vinane: nguo tatu, bakuli, mshipi, wembe, sindano na kitambaa cha kuchujia maji. Moja ya kanuni zake yamkataza kupokea dhahabu na fedha. Ni maisha magumu, na wako wengi wanaoyaishi kweli, hasa wale wakaao msituni katika mikoa ya kaskazini-mashariki.

Lakini dunia imezunguka. Siku hizi hekalu lina akaunti ya benki, na alama ya kupigwa picha kwa simu ili sadaka iingie moja kwa moja. Mwenye mamlaka juu ya mali hiyo ni mkuu wa hekalu, akisaidiwa na msimamizi asiye mtawa, ambaye huteuliwa na mkuu huyo huyo. Msomaji aliyewahi kutunza ghala la kambi anajua hatari ya mpango ambao mwenye ufunguo ndiye amchaguaye mhesabu.

Hata chakula kimezidi. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn ulionyesha kuwa karibu nusu ya watawa waliopimwa walikuwa wanene kupita kiasi. Huo si ulafi mtupu: mtawa hula anachopewa, na watu humpa vilivyonona na vyenye sukari kwa kuwa hutaka kutoa kilicho bora, kisha mchana, saa ambazo chakula ni haramu kwake, vinywaji vitamu ni halali. Vilevile iko ndoo ya plastiki ya rangi ya manjano, iliyojazwa sabuni, dawa ya meno, vyakula vya makopo na nguo, ambayo madukani huuzwa tayari kwa sadaka. Katika baadhi ya mahekalu ndoo hiyo hiyo hutolewa, ikarudishwa mezani, ikatolewa tena na mtu mwingine kwa malipo mapya. Aitazamapo mke wa sajini, huiona ikizunguka kama punda wa kinu.

Hayo ni madogo. Mambo makubwa ndiyo yaliyowafikisha polisi mlangoni mwa hekalu.

Mwaka 2013 ilienea picha ya sinema iliyomwonyesha mtawa Wirapol Sukphol, aliyejulikana kwa jina la Luang Pu Nenkham, ameketi ndani ya ndege ya binafsi, amevaa miwani ya jua, na mkoba wa thamani ukiwa karibu naye. Huyu alikuwa akichangisha fedha za kujenga sanamu kubwa ya Budha, na watu walimwamini kuwa ana uwezo upitao wa kibinadamu. Alivuliwa utawa, akawa yuko Marekani, akarudishwa kwao mwezi wa Julai 2017. Agosti 2018 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 114 kwa udanganyifu na makosa ya fedha, ijapokuwa sheria ya Thailand huweka kikomo cha miaka 20 katika hukumu za namna hiyo.

Shauri la hekalu la Wat Phra Dhammakaya, lililoko mkoa wa Pathum Thani kaskazini ya Bangkok, ni zito zaidi, nalo linafaa kusomwa polepole. Hekalu hilo lilianzishwa mwaka 1970. Ni kubwa ajabu; kuba lake limepangwa sanamu za Budha 300,000 kwa nje, na majina ya wafadhili yamechorwa juu ya sanamu. Kilikuwapo pia chama cha kuweka na kukopa kiitwacho Khlongchan, chenye maelfu ya wanachama, wengi wao watu wa kipato cha kawaida walioweka akiba ya uzeeni. Mwenyekiti wa chama alikuwa mfuasi wa hekalu. Ikagunduliwa kwamba zaidi ya baht bilioni 10 zimefujwa, na katika hizo zaidi ya bilioni moja zilikwenda kwa hundi upande wa hekalu na mkuu wake. Mwenyekiti alifungwa. Hekalu lilisema kuwa lilipokea sadaka hadharani bila ya kujua asili yake, na wafuasi wake walichangishana wakarudisha sehemu ya fedha.

Tarehe 16 Februari 2017, kwa amri ya serikali ya kijeshi iliyokuwa madarakani wakati ule, maelfu ya polisi na askari walilizunguka hekalu ili kumkamata mkuu wake, Phra Dhammachayo, kwa tuhuma za kupokea mali ya wizi na kusafisha fedha haramu. Watawa na waumini walikaa chini mbele ya malango, wakisoma sala. Ebu fikiri, ndugu askari: umeagizwa kuvunja mstari, na mstari wenyewe ni wa wazee waliovaa joho ambalo mama yako hulipigia magoti kila alfajiri. Majuma matatu yalipita. Tarehe 10 Machi upekuzi ulikwisha, na mtu aliyetafutwa hakuonekana.

Jambo linalosahauliwa katika kisa hicho ni wale wenye akiba. Wako waliokuwa waumini wa hekalu, wakatoa kwa hiari yao. Lakini mwanachama wa Khlongchan ambaye hajakanyaga hekaluni hapo maisha yake yote alijikuta amekwisha kuwa mfadhili. Hakuulizwa yeye, wala mume wake, wala mke wake.

Mwaka 2025 mambo yalifuatana kama mvua. Mwezi wa Mei mkuu wa hekalu la Wat Rai Khing, mkoa wa Nakhon Pathom, alikamatwa kwa tuhuma kwamba zaidi ya baht milioni 300 za hekalu zilihamishwa, na kwamba nyingi ziliishia katika kamari ya mitandao. Mwezi wa Julai alikamatwa mwanamke mmoja ambaye, kwa maelezo ya polisi, alifanya uhusiano na watawa wa vyeo vya juu, kisha akawatisha kwa picha. Polisi walisema akaunti zake zilipokea kiasi cha baht milioni 385 kwa muda wa miaka mitatu. Watawa wapatao tisa waliacha utawa. Polisi wakafungua ukurasa maalumu wa kupokea malalamiko juu ya watawa, na watu wakautumia.

Agosti ya mwaka huo huo lilitokea pigo ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, liliumiza kuliko yote. Katika mkoa wa Lopburi lipo hekalu la Wat Phra Bat Nam Phu, ambalo tangu mwaka 1992 lilipokea wagonjwa wa UKIMWI waliotupwa na jamaa zao wenyewe. Mume aliyelaumiwa kwa sadaka zake angeweza siku zote kusema: tazama Lopburi. Mtawa aliyelianzisha, Alongkot, alikamatwa kwa tuhuma za kutumia vibaya michango hiyo. Tuhuma si hukumu. Lakini katika nyumba nyingi hoja ile ilianguka siku ile ile.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Kabla serikali haijajenga shule za kutosha, hekalu ndilo lililokuwa shule, na mtoto wa maskini alipata mahali pa kulala na kula akasoma. Chuan Leekpai, aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili, aliishi hekaluni alipokuwa mwanafunzi mjini Bangkok. Hekalu la Wat Tham Krabok mkoani Saraburi limewatibu watu wengi sana waliotekwa na madawa ya kulevya. Na baada ya uchumi wa nchi kuanguka mwaka 1997, mtawa mzee wa Udon Thani, Luang Ta Maha Bua, aliwaomba watu watoe dhahabu kwa ajili ya hazina ya taifa. Wanawake walivua bangili zao wenyewe. Alipofariki mwaka 2011 zilikuwa zimekusanywa zaidi ya tani 10 za dhahabu, zikakabidhiwa Benki Kuu. Ni wazi kwamba waume na wake wale wale wanaogombania bahasha waliweza kukubaliana, walipojua kitu kinakwenda wapi.

Sasa yumkini msomaji atauliza: dini yenyewe yasemaje? Hapa iko habari ambayo wengi hawaitarajii. Anathapindika alikuwa tajiri aliyemnunulia Budha shamba zima kwa kulifunika ardhi yake kwa sarafu. Hakuna mfadhili aliyempita. Hata hivyo mafundisho aliyopewa huyo huyo juu ya matumizi ya mali yanaanza na yeye mwenyewe, wazazi wake, mke wake, watoto wake na watumishi wake. Wanafuata marafiki, kisha akiba ya kukingia majanga, kisha jamaa na wageni na wajibu kwa serikali. Watawa wametajwa mwishoni. Kijana mwingine, Sigala, alifundishwa kugawa pato lake mafungu manne: moja la matumizi, mawili ya kazi yake, la nne la kuweka akiba kwa siku ya shida.

Zaidi ya hayo iko kanuni ya watawa yenye kisa chake. Katika mji wa Savatthi palikuwa na mume na mke ambao imani yao iliongezeka huku mali yao ikipungua. Chakula chote walichopata asubuhi waliwapa watawa, na siku nyingine wao wenyewe walishinda na njaa. Watu wakanung'unika: watawa hawa hawana kiasi? Budha hakuwasifu watawa kwa kupendwa. Aliagiza nyumba ya namna hiyo itangazwe, na mtawa asiye mgonjwa asipokee chakula humo asipoalikwa. Yaani mzigo wa kujua kama nyumba ina njaa uliwekwa juu ya mpokeaji, si juu ya mtoaji.

Lakini kanuni hiyo haisomwi kwa kipaza sauti. Kinachosomwa kila mwaka, tena kwa siku nzima na kwa sura 13, ni hadithi ya Vessantara, mfalme aliyetoa kila alichoombwa. Alitoa tembo mweupe wa nchi yake, raia wakamfukuza. Alitoa farasi na gari. Akiwa msituni, mzee mmoja aitwaye Jujaka alimwomba watoto wake wawili wawe watumwa wa nyumbani, naye akawatoa. Maddi, mke wake, hakuwapo. Alikuwa amekwenda kuwachumia matunda watoto hao hao, na njiani wanyama wakali wakamziba asirudi mapema. Aliporudi hakuwaona, akawatafuta usiku kucha huku mume wake amenyamaza, mpaka akaanguka akazimia. Hatimaye hadithi huwarudisha watoto salama, na Maddi husemwa kuwa aliridhia. Hata hivyo katika maandiko ya kale mfalme mmoja, Milinda, alimwuliza mtawa mwenye hekima waziwazi kama ni haki mtu kutoa mke na watoto wake. Wanawake wamekaa wakiisikiliza hadithi hiyo kwa mamia ya miaka, na sehemu ya Maddi ndiyo inayowatoa machozi.

Wala jambo hili si la hadithi peke yake. Mtumishi wa serikali ya Thailand, askari naye akiwamo, aweza kupewa likizo ya hadi siku 120 ili awe mtawa kwa muda. Husemwa kwamba mama huenda peponi akiwa ameshika pindo la joho la mwanawe. Mke anayebaki na watoto siku hizo 120 haruhusiwi hata kumshika mkono akimpelekea chakula, naye mwenyewe, tangu amri ya mwaka 1928, hawezi kupewa utawa kamili na watawa wa nchi hiyo.

Sheria ya nchi, kwa upande wake, haikumsahau. Kifungu cha 1476 cha sheria ya madai chasema mmoja wa wanandoa asitoe zawadi katika mali ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, isipokuwa zawadi ya hisani au ya adabu inayolingana na hali ya nyumba yao. Akitoa kupita hapo, mwenzake aweza kuiomba mahakama ifute, maadamu ameomba katika mwaka mmoja tangu alipojua. Maneno ni machache na yako wazi. Ila kushitaki juu ya bahasha ni kumshitaki mume, na mkubwa wake aliyeileta, na hekalu ambamo mama mkwe atachomwa siku atakapokufa.

Turudi kwa sajini. Oktoba imefika, na bahasha ya mwaka huu iko juu ya meza, imeletwa na mkuu wa kituo mwenyewe. Mume ameivua kofia na kukaa. Safari hii, baada ya maneno mengi ya usiku wa jana, kalamu ameishika mke. Ameandika majina mawili, lake likiwa la kwanza, na chini yake kiasi cha baht 100. Kisha amefungua daftari la madeni ya sokoni, akaiandika humo pia.